Paneli ya Sita

Nyumba nzima niliichora nyuma ya risiti ya misumari,
karakanani Mafinga, maranda yakinifika vifundoni:
mita nne kwa tano, chumba kimoja, kibaraza,
na paa kali la mteremko, maana kule Matamba
sakitu haipigi hodi.

Bi Edina Luvanda hakutaka kuona ramani.
Alitaka nimsikilize.
"Miaka thelathini na miwili wodini, fundi,
nimesimama. Nijengee pahali
ambapo nikiamka usiku hakuna anayeniita."
Nikaandika pembeni: ukuta mara mbili,
maranda katikati.
"Na mvua?" akauliza.
"Mvua imefanya nini?"
"Hiyo iache iingie. Sauti yake tu."
Nikafuta mstari mmoja wa dari.

Kipimo hakikutoka kichwani mwangu.
Kilitoka kwenye daraja la magogo, pale Fuso linapokomea.
Chesko alilipima kwa mikono aliyoitandaza
kama anayekumbatia ng'ombe,
akanipigia simu: "Upana ni huu. Ukizidisha,
mto utapata mbao za bure."
Basi paneli kumi na mbili, kila moja ya mabega mawili,
msindano uliokauka kivulini miezi minne,
matundu ya bolti tayari, namba kwa mkaa,
ili nyumba ifike imeshajijua.

Imeshajijua! Kona za Chimala zikatupepeta,
ukungu ukashuka mpaka kwenye kope,
na jioni ile, vidole vikiwa havisikii spana,
tulisimamisha, tukakaza, tukalala ndani ya turubai.

Asubuhi nikaiona.
Sita ikigeuzwa ni tisa,
nami sikuipigia mstari chini.
Dirisha lililotakiwa kutazama mlima
lilikuwa upande wa viazi vya jirani,
tena chini, usawa wa mto
(wa kulalia, si ule wa daraja).
Chesko alikuwa ameshashika spana. Hakunitazama.

Bi Edina akaingia, hakusema neno.
Akatandika kitenge sakafuni, akajilaza,
viatu vyake vya mpira vimeelekea mlangoni.
Nje, mtoto wa jirani alikuwa akifukua viazi,
matone yananing'inia kwenye majani,
kila moja limebeba mlima, umepinduka.
Akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.
"Kumbe," akasema, "wenzangu walikuwa
wanauona ulimwengu kutokea huku."

Kisha: "Hilo msiliguse.
Ila mlango unakwaruza."

Tukaupiga randa mlango.

Juzi amekuja mteja mwingine, suti na tai,
anataka kijumba cha kupumzikia kule Mufindi,
ananihimiza nichore dirisha mbele yake.
Nikampangusia pahali sakafuni,
nikamwambia alale kwanza.