Mizani ya Igung'wa

Reli ilikwenda Mwanza, ikakomea majini.
Sisi tulikuwa vituo vitatu nyuma yake,
jina jeupe kwenye ubao mweusi,
herufi moja imekosewa tangu siku ya kwanza
na hakuna aliyepanda ngazi kuisahihisha.

Baba yangu, Lutonja, hakuwa bwana steshini.
Alikuwa mtu wa taa. Jioni anapanda nguzo
na debe la mafuta, anafuta vioo kwa shati,
chekundu, cha kijani,
akishuka ananuka utambi.

Msimu wa pamba marobota yalizidi watu.
Yalilala jukwaani kama ng'ombe wanaocheua,
na karani Mwakibete,
aliyehamishiwa kwetu kwa kosa asilolitaja,
aliyapima moja moja akilamba penseli.
Siku isiyo na mzigo alitupima watoto.
Mimi: kilo kumi na tisa, bila kandambili.
Akaniandika kweli kwenye daftari la serikali,
kati ya gunia la choroko
na baiskeli ya mtu wa Malampaka.

Kufungwa hakukuwa na siku.
Kwanza iliibwa kengele, kile kipande cha reli.
Kisha dirisha la tiketi likapigwa misumari.
Barua ilisema: kwa muda.
Muda huo umezaa, umelea, umezika.

Miezi saba baba aliwasha taa
bila mshahara, kwa treni isiyosimama,
hadi usiku mmoja dereva akatupa karatasi
iliyofungiwa jiwe:
Mzee, zima. Unanichanganya.

Akazima.
Akala michembe yake, akalala na shati la kazi.

Mwaka huu nimerudi.
Mbuzi wamo chumba cha daraja la pili.
Ubao umeliwa na mchwa,
imebaki ile herufi iliyokosewa.
Mizani niliikuta mnadani, inapima dagaa wa ziwani.
Nikamwomba mwenyewe, Nyanzobe, nipande.
"Panda, ila inaiba kilo mbili."
Nikavua viatu.
Sindano ikahangaika, ikatulia.
Sikuiangalia namba.

Ndipo ya mizigo ikapita, ng'ambo ya mihogo,
bila honi, mabehewa ishirini na kitu,
na sindano iliyokwisha kutulia
ikatikisika chini yangu.

"Hiyo si wewe," akasema Nyanzobe.