Nafuu

Tarehe ishirini na tano, Eneo la Viwanda,
mimi ndiye ninayekata.
Mishahara mia moja na tisa hupita chini ya kidole changu:
bima ya afya kwanza, kodi baadaye,
kwa kuwa shilingi iliyotangulia hospitali
haitozwi.
Sheria huiita hiyo nafuu.

Juzi nikafika kwenye mshahara wangu.
Fomu ikauliza wategemezi.
Mume: sina. Mtoto: Mutheu, miaka sita.
Kisanduku cha tatu hakikuwepo.

Mama yuko Kariobangi, ana sukari.
Alinisomesha kwa kukaanga matumbo kando ya stendi;
leo anategemea sindano ninayomnunulia,
na mfumo haujui pa kumweka.
Nikamwandika pale pa mtoto.
Kompyuta ikataka mwaka wa kuzaliwa,
kisha ikamkataa: amezidi umri.

Nikapiga hesabu ya nafuu yangu ya mwezi.
Vijiti vya kupimia sukari,
siku tisa.

Jioni akanipigia simu.
"Leo nina nafuu, mwanangu," akasema,
nami, kwa mazoea ya kazi,
nikauliza:
shilingi ngapi?