Pindo la Shingoni

Miaka thelathini na mmoja nilishona kola
katika kiwanda cha nguo cha Kutaisi,
kola tu, si mikono, si vifungo,
kwa hiyo mtu akisimama mbele yangu
macho yangu hayaanzii usoni.
Yanaanzia pale shingo inapopokea kichwa.

Jumanne simu iliita. Video.
Eteri wangu, aliye Bari, anayemlea mzee wa watu
asiyekumbuka hata jina la mkewe.
Jumanne si siku yake. Siku zake ni Alhamisi baada ya chakula,
na Jumapili. Hilo nililiona,
nikalikunja, nikaliweka kando.
Nani humjibu mwanawe kwa kalenda?

"Deda," alilia, ndivyo kwetu mama anavyoitwa,
"mzee ameanguka, wanasema nilimsukuma,
wanasema nimeiba pete,
wakili anataka yuro elfu mbili na mia nne
kabla ya saa kumi. Usimwambie mtu."

Sauti ilikuwa yake, hata ile kwikwi
anayoimeza kabla ya kuniita.
Mchelea mwana kulia: nilikuwa tayari nimevaa viatu,
nimekumbatia kopo la chai lenye pesa za mazishi yangu.

Lakini chini ya taya palikuwa na pindo.
Kila alipogeukia dirisha
uso ulitangulia, shingo ikafuata nyuma,
kama bitana iliyokatwa na fundi mwingine.
Na machozi yalishuka, ila hayakulowesha.

"Jifute, mwanangu," nikasema. "Kwa kiganja. Polepole."
Akasema kamera ni mbovu.
"Jifute."
Akasema muda hakuna.
"Jifute, Eteri, siwezi kuhesabu pesa ukiwa hivyo."

Mkono ukapanda.
Na shavu likapita juu ya vidole,
likaelea kama mafuta juu ya mchuzi,
pua ikachungulia kwenye kucha,
kisha kila kitu kikarudi mahali pake,
kizuri, kimepigwa pasi.
Uso umeumbwa na haya, husemwa.
Huo haukuumbwa.

Sasa nitasema nisichowaambia polisi:
sikukata simu.
Dakika mbili nzima nilimtazama.
Walikuwa wameuchukua uso wa picha za harusi ya binamu yake,
mwaka mmoja kabla hajaondoka,
mashavu yamejaa, macho ya mtu aliyelala akashiba usingizi.
Miaka minne sijayaona macho hayo.
Mwizi yule, popote alipokaa,
aliniletea binti yangu akiwa mzima
kwa yuro elfu mbili na mia nne,
nami nilisimama, kopo kifuani,
nikipiga hesabu kama ni ghali.

Halafu nikabonyeza kitufe chekundu.

Alhamisi, baada ya chakula.
Mwembamba. Taa ya jikoni kwa watu.
Kola ya sare imepinda upande wa kushoto,
na shingo ni shingo.
"Pitisha mkono usoni," nikamwambia kabla ya salamu.
Akacheka, akasema nimezeeka.
"Pitisha."
Akatazama pembeni. Akasema mzee anamwita.
Hakuna aliyeita.
Viganja vikaanza kunitoka jasho, nikalitafuta pindo,
nikalitafuta kwenye taya, kwenye sikio, kwenye mzizi wa nywele.

Ndipo akaunyanyua,
mkono ambao miaka yote minne
umekaa chini ya meza tukizungumza:
vidole vimepasukapasuka kwa dawa ya kusafishia,
gumba limefungwa plasta, kucha moja haipo.
Ukafunika jicho, pua, mdomo,
na uso ukabaki nyuma yake, mahali ambapo nyuso hukaa.

"Umeridhika, Deda?"

"Deda," nikamjibu,
kwa kuwa kwetu mama humrudishia mwana jina lilo hilo,
"usiushushe.
Usogeze karibu na kamera."