Ushanga wa Ndani

Vidonge vitatu asubuhi, kimoja usiku,
na presha haishuki.
Safari hii Daktari Kubát hakuniuliza habari za chumvi.
Alinilaza, akaweka chuma chake cha baridi
juu kidogo ya kitovu, upande wa kulia,
akanyamaza
kama mtu anayesikiliza majirani ukutani.
"Humu mnavuma upepo," akasema.

Upepo huo nilikuwa naujua.
Miaka minne uko sikioni, fuu, fuu, fuu,
hatua kwa hatua na moyo.
Nilidhani ni tanuri la karakana.
Hapa Jablonec nani hana tanuri sikioni?

Hospitalini Liberec wakanipitisha mrija kinenani,
wakamimina dawa ya rangi,
na mshipa wa figo ukajichora mweusi kwenye kioo:
umebanwa, umevimba, umebanwa, umevimba.
"Sisi huuita uzi wa shanga," kijana wa picha akanieleza kwa upole,
asijue anamwambia nani.

Natunga shanga tangu nina miaka kumi na sita.
Nikamwomba aisogeze picha.
Nikazihesabu. Saba.
Ya tatu kubwa kupita zote, ya nne imekaa upande,
uzi hapa umekazwa, pale umelegea.
Kazi kama hii ningemrudishia mwanafunzi
aifumue, aanze upya.

Figo, wakaniambia, halioni nje.
Hujua kile tu kinacholifikia,
na langu lilifikiwa na matone.
Likadhani mwili mzima una kiu,
kwamba mahali fulani kuna jeraha, damu inamwagika;
likapiga mbiu:
Kazeni mishipa! Shikeni chumvi! Moyo, sukuma!
Na moyo, mtiifu, ukasukuma.
Adui hakuwapo.
Palikuwa na mwenye njaa
aliyesema uongo bila kujua.

Nina daftari la maagizo la bibi yangu, Otýlie,
linanuka kutu.
Nyekundu zenye moyo mweupe, katoni arobaini,
kwa bandari za mbali kusini.
Huko, alisema, wanawake huzifunga kiunoni,
chini ya nguo, asizione ila aliyeruhusiwa.
Utotoni nilistaajabu:
moto wote ule, macho yote yale yaliyochoka,
kisha kufichwa?
Sasa nami ninazo zangu, chini ya nguo, chini ya ngozi,
na walioruhusiwa ni watu sita
wenye aproni nzito na barakoa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama.
Drahomíra wa hasira.
Uso mwekundu, kitambaa cha maji kichwani,
milango ikibamizwa hadi vikombe vinalia kabatini.
Alianguka jikoni, miaka hamsini na mmoja,
viazi vikichemka.
Mazikoni watu walisema hasira hasara.
Nami, msichana wa miaka kumi na tisa,
nikaitikia.

Hakuna aliyemlaza akamsikiliza tumboni.
Huenda ni hasira kweli.
Daktari anasema mara nyingine hurithiwa, mara nyingine la,
na kaburi halipigwi picha.
Lakini lile neno langu la mazikoni
nalifumua kila usiku,
na kila asubuhi nalikuta limejitunga tena.

Puto walilolipuliza ndani yangu
lilikuwa dogo kuliko karanga.
Lilifunguka mara mbili. Niling'ata mdomo.
Siku ya tatu kipimo kikasoma mia moja ishirini na nane,
na sikioni, kimya.
Nikaenda kulitazama tanuri.
Lilikuwa limezimwa tangu Ijumaa.

Binti yangu Apolena ana miaka ishirini na mitatu
na kichwa kinachomuuma "kidogo tu".
Jumapili nilimwekea kipimo mezani,
kando ya bakuli la supu.
Akasema nimeanza wazimu,
akabamiza mlango, vikombe vikalia.

Nikakaa. Supu ikapoa, ikaganda juu.
Akarudi, akakunja mkono wa sweta
bila kunitazama.
Nikafunga. Nikaminya.
Mpira ukajaa hewa, ukamshika mkono,
nasi sote wawili tukasikiliza.