Rangi ya Mlango wa Shangazi Billa

Klaksvík, Februari. Mvua inapiga kwa ubavu.
Nimezima taa zote, nimeziba dirisha kwa blanketi la sufu,
maana taa ya barabarani ina manjano yake
na hupenya pasipoalikwa.

Mezani kibao cha mwanga, kamera imeinama juu yake
kama mtu aliyedondosha sindano,
na mikanda kumi na saba ya shangazi,
aliyekata samaki kiwandani miaka thelathini
na kupiga picha Jumapili tu.

Ukiinua mkanda, kila kitu kimelowa
chai ya rangi iliyosahauliwa motoni.
Anga hudhurungi. Nyasi za paa zambarau.
Watu wana nyuso za samawati, kama waliozama
na bado wanacheka.

Kupindua tu hakutoshi, nimejifunza.
Ukipindua bila kuuondoa ule utando wa chungwa,
dunia nzima inatoka imechovywa wino.
Kwanza unapiga picha ya ukingo mtupu,
pale ambapo filamu haikuona kitu:
usipojua utupu una rangi gani
hutajua kitu kina rangi gani.
Halafu nyekundu peke yake, kijani peke yake, buluu peke yake,
kila moja unaitafutia mwanzo na mwisho,
unazivuta taratibu mpaka zitulie
kama watoto watatu kwenye benchi moja la kanisa,
na daima mmoja anafinya mwenzake.

Jicho halina pazia, wanasema. Lina mazoea.
Baada ya saa mbili uongo wowote unaonekana mweupe.
Basi hutoka kibarazani, nikaosha macho
kwa kijivu cha bandari, nikarudi.

Usiku wa tatu nikaufikia mlango.
Shangazi kasimama mbele yake, koti la mvua, ndoo mkononi.
Programu ikaamua yenyewe: mwekundu wa matofali.
Nikasogeza kidogo, waridi.
Nikarudisha, ini la kondoo.
Nikampigia dada yangu Sunnvá, yuko Aarhus.

"Ulikuwa wa kijani," akasema.
"Kijani! Nauona hapa."
"Unaona ulichokipindua. Mimi niliugonga kila siku nikitoka shule.
Kijani cha chupa. Na komeo lake lilikuwa gumu."
Birika lake likapiga mluzi. Hakuliondoa motoni.

Nikatafuta kwenye picha kitu kisicho na ubishi.
Ukuta hapana, chokaa huzeeka.
Theluji hapana, theluji hukopa rangi ya anga.
Ndoo. Ndoo ya bati, ile ile ninayowekea kuni leo.
Nikagusa ubavu wake, nikaiambia mashine:
hiki ni kijivu, hiki usibishane nacho.

Picha ikashtuka, kisha ikakaa.
Koti likawa la manjano, manjano hasa.
Nyasi zikarudi juu ya paa.
Mlango ukabaki mwekundu, samahani, Sunnvá.
Na mikono ya shangazi
ikabaki kama ilivyokuwa tangu usiku wa kwanza:
myekundu hadi kwenye vifundo, na zambarau kuzunguka kucha.

Wiki nzima nilikuwa naisafisha.
Fremu baada ya fremu nilichora duara kuizunguka mikono ile,
nikapunguza wekundu, nikaongeza joto,
nikiilaumu skana, nikiilaumu filamu iliyopitwa na wakati,
nikampa mikono ya mwanamke aliyekaa karibu na jiko.

"Sunnvá, mikono yake ilikuwa rangi gani?"

Akanyamaza kiasi cha mtu kuvuta kiti.
"Barafu," akasema. "Aliiweka kwenye maji vuguvugu
kabla ya kutushika. Hukumbuki? Usiiguse."

Nikafungua fremu zote sitini na mbili
nikayafuta maduara, moja moja.
Ilikuwa saa tisa usiku nilipomaliza.

Mlango tutaubishania Krismasi.