Thelathini na Nne kwa Mia

Mvua ya mawe ilidumu dakika kumi na moja.
Najua, maana fomu yetu ina kisanduku cha muda,
na Orvin Tveit, mtu asiyejua kusema "kama" wala "hivi",
aliandika humo: kumi na moja.

Ilikuwa Julai. Ngano imeshika rangi
ya manyoya ya mbwa wake mzee,
bado wiki mbili tu mashine ziingie.
Mawe yakaja toka magharibi, manene kama mayai ya kwale,
yakapiga bati la ghala, yakapiga trekta,
yakapiga kila suke kwa jina lake.
Kisha jua likatoka, bila hata kuomba radhi.

Jumanne nikaenda kupima. Ndiyo kazi
ninayolipwa na Kaunti ya Harlow, Dakota Kaskazini:
nafumba macho, natupa pete ya waya shambani,
inapoangukia napiga magoti.
Mabua yaliyosimama. Mabua yaliyovunjika.
Punje zilizomwagika, nazifukua udongoni kwa kucha.
Nagawanya, naandika, nainuka, natupa tena.
Mara ishirini.
Orvin nyuma yangu, kofia mkononi,
kama tuko mazikoni.

Serikali inalipa kuanzia thelathini na tano kwa mia.
Chini ya hapo hujapatwa na janga;
umepatwa na mwaka mbaya, basi, pole.
Hesabu yangu iligota thelathini na nne.

Haba na haba hujaza kibaba.
Lakini kibaba kilichopungukiwa haba moja
kinaitwaje? Hilo halisemwi.

"Bwana Tveit," nikasema, "tutupe pete moja zaidi.
Kule bondeni, kando ya mtaro, sijafika."
Nilijua hali ya kule. Hakuna bua lililobaki wima.
Naye alijua.
Mkewe, marehemu Solveig, ndiye aliyenifundisha
kushika penseli.
Akatazama bonde. Akakung'uta kofia,
ingawa haikuwa na vumbi.
"Fomu inasema ishirini," akasema.
"Umetupa ishirini."
Akaweka sahihi juu ya boneti la gari langu,
polepole, herufi zote.

Hundi zilikuja Desemba.
Bahasha zilipita mikononi mwangu, nikazipanga kwa alfabeti.
Ndugu wa Brandvold walipata elfu arobaini na moja
kwa shamba ambalo kila mtu anajua mawe yaliliruka.
Mama Ketterling alibadilisha jiko.
Pale ushirika, penye kahawa ya bure,
watu walitaja majina na tarakimu kwa sauti ya chini,
wakinyamaza nikiingia.
Mimi nilipima mashamba yote hayo.
Mengine nilipima vizuri.

Siku mbili kabla ya Krismasi mlango ukafunguliwa,
baridi ikaingia kwanza, halafu yeye.
Maili kumi na nane za theluji.
Nikadhani amekuja kukata rufaa; nikavuta fomu ya rufaa,
nikaiweka mezani, nikaigeuza imwelekee.
Akatoa kitu mfukoni.
"Nilipitiwa siku ile," akasema. "Ni ya ofisi."
Kalamu ya plastiki. Tunanunua mia kwa boksi.
Hakukaa. Gari alikuwa ameliacha likinguruma.

Machi akauza lile bonde.
Kalamu nilijaribu kuandikia: wino umeganda.
Iko kwenye droo, chini ya pete,
na fomu ile bado tupu,
ila tarehe, ambayo nilikuwa nimeshaijaza.