Mkwaruzo

Toleo la kwanza alikuwa inspekta.
Kofia pana, koti lenye mikanda,
akiwasaka wezi wa nyaya za umeme kule Bagira
katika kurasa nane za fotokopi, franka mia tano.
Bashige alichora usiku, kwa wino;
asubuhi mimi nikabonyeza kitufe
kwenye mashine ya baba, penye ngazi za Kadutu,
harufu ya jenereta ikiingia hadi kwenye karatasi.
Tukamwita Kaboyi.
Jina hilo halikumaliza miezi miwili.

Toleo la tatu wino wa mashine uliisha njiani,
nusu ya kitabu ikatoka kijivu, miguu haionekani.
Wasomaji wakashangaa: Kumbe alishakufa!
Bashige akajikuna kichwa.
Basi, akasema, ni mzimu.
Na mzimu ukauzika kuliko inspekta.

Halafu likaja shirika, gari jeupe lenye antena ndefu,
likataka kipindupindu.
Akaharisha kuanzia ukurasa wa pili,
akapata nafuu wa saba, akanawa mikono wa nane,
sabuni kubwa kuliko kichwa chake.
Mchungaji mmoja wa Nyawera akataka wokovu: akaokoka.
Wasichana wa liseo wakataka mapenzi:
akanyoa ndevu, akasuka nywele,
akawa Namwezi, binti wa muuza sambaza,
akapendwa na kijana wa pikipiki isiyo na breki.
Wiki Bashige alipoumwa jino
akawa mbuzi, toleo zima.
Mbuzi hana vidole, aliniambia,
shavu limemvimba,
na vidole ndivyo vinavyokula usiku wa mchoraji.

Harusi ya Cirhuza wakaagiza nakala mia, na sharti:
aseme kwa beti. Akasema:

Jana nilikuwa simba, leo nimevaa kanga,
kesho ukigonga nyumba, nitaitika mganga,
wino ndio wangu mwamba, karatasi ndiyo anga,
anikunjaye kwa pembe, ndiye anayeniumba.

Ila hakuna aliyempotea.
Hata mama wa mihogo chini ya ngazi, asiyejua kusoma,
alitua kidole palepale: Huyu hapa.

Kioo cha mashine kilikuwa na mkwaruzo,
uzi mweusi, urefu wa kucha, juu kushoto,
tangu siku mbebaji alipoteleza nayo kwenye matope
na baba akalia mbele ya watu.
Kila ukurasa uliopita pale ulitoka nao.
Bashige hakulalamika. Alipima kwa rula,
kisha kila umbo akaliweka chini ya uzi ule:
shavu la inspekta, shavu la Namwezi,
sikio la mbuzi.
Na mzimu, siku alipouchora bila uso,
mkwaruzo ulibaki hewani peke yake
kama mtu aliyesahau aliingia chumbani kutafuta nini.

Kisha Bashige akavuka Ruzizi na begi moja.
Kalamu aliniachia mimi, hakusema kwa nini.
Mwezi uleule baba akanunua mashine mpya,
nyeupe, kimya, inayotema karatasi kama mtu mwenye adabu.

Toleo la thelathini na moja nilichora mwenyewe.
Nilimrudisha alivyokuwa mwanzo:
kofia pana, koti, mikanda yote minne,
hata kifungo kilichokosekana nilikikumbuka kukikosa.
Siku tatu nilichora mikono tu.

Watoto wakavirudisha vitabu.
Siyo kwa hasira. Waliniwekea mezani
kama chenji iliyozidi.
Huyu ni nani? akauliza mmoja.
Kaboyi, nikamwambia. Inspekta. Huyu ndiye wa kwanza kabisa.
Akamtazama tena, kwa huruma, kofia hadi kiatu.
Hapana, dada. Huyu amefanana naye tu.

Usiku umeme ulikuwepo, jambo la ajabu.
Baba alikoroma nyuma ya pazia.
Nikafunua kifuniko cha mashine mpya;
kioo bado kilikuwa na ngozi yake ya bluu ya dukani.
Nikaibandua taratibu.
Nikapima kwa rula: juu, kushoto.
Kisha nikatafuta msumari.